Sufuria ya "saa 8": etiketi isiyo na tarehe katika jiko la nyumba ya wazee, Bukavu

Kuhusu kisa

Kisa hiki kilitokea katika nyumba ya kutunza wazee mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo. Jina la nyumba, mtaa, mwaka na kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa. Saa zote zimeandikwa kwa mtindo wa 14h00, na msomaji ataona sababu yake muda si mrefu.

Kinawahusu wapishi, wauguzi na wasimamizi wa nyumba zinazolisha watu wasioweza kuchagua chakula chao: wazee, yatima, wagonjwa, watoto wa vituo vya lishe. Mtu mzima mwenye afya akila maharagi yaliyoharibika, huumwa tumbo siku moja akarudi kazini. Mzee wa miaka 80 anayekunywa dawa za presha anaweza kupoteza maji ya mwili usiku mmoja tu na asiamke.

Mazingira

Nyumba ilikuwa na wakaaji 46. Watano kati yao walikula vyakula laini tu, yaani uji, supu iliyochujwa na viazi vya kuponda, kwa sababu ya shida ya kumeza. Jikoni kulikuwa na wapishi wawili wa kudumu waliopeana zamu saa 18h00, msaidizi mmoja, na mpishi wa mbadala aliyekuja baadhi ya Jumapili. Muuguzi alifanya kazi mchana. Usiku alibaki mtunzaji mmoja pamoja na mlinzi wa lango.

Vifaa vilikuwa vile vya nyumba nyingi za hapa: jiko la matofali la makala (makaa) lenye midomo mitatu, firigo moja ya milango miwili ya aina ya nyumbani, kongelateri (friza) ya kulala, na depo ya unga, mchele, maharagi, mafuta na sabuni. Umeme wa mji ulikatika karibu kila siku bila ratiba ya kutegemewa. Jenereta ilikuwepo, ila mazutu (dizeli) yalitunzwa kwa ajili ya pampu ya maji. Hakukuwa na kipimajoto hata kimoja, si cha firigo wala cha chakula.

Kanuni ya etiketi ilikuwepo tayari. Kila chakula kinachowekwa akiba kilipaswa kuwa na karatasi yenye jina la chakula na saa, iliyobandikwa kwa skochi (utepe wa gundi) kwenye mfuniko. Wapishi waliifuata. Jambo hili lishikwe vizuri, kwa sababu ripoti ya kwanza ya nyumba ilisema "wapishi hawakuweka etiketi", na haikuwa kweli. Etiketi iliwekwa, ikasomwa, na ndiyo iliyopotosha.

Mfuatano wa matukio

*Jumamosi, 14h00.* Sufuria ya maharagi na nyama ilitolewa motoni. Ndani yake kulikuwa na kilo 5 za maharagi makavu yaliyochemshwa tangu asubuhi, kilo 4 za nyama ya ng'ombe, vitunguu, nyanya na mafuta ya mawese: jumla kama lita 20, nzito. Ilikuwa ya chakula cha mchana cha Jumapili. Ilipikwa siku moja kabla kwa sababu Jumapili asubuhi wapishi wa kudumu huenda kanisani, na mbadala hufika 10h00. Kupika maharagi kuanzia 10h00 ili yaive kwa ajili ya 12h00 hakuwezekani.

Mpishi aliiweka chini kwenye sementi, akaifunika. Alikata kipande cha karatasi ya daftari ya mistari, akaandika kwa biki ya buluu: "Maharagi + nyama, saa 8". Akakibandika juu ya mfuniko. Alikusudia kuiingiza kwenye firigo jioni ikishapoa. Alijua kwamba sufuria ya moto ndani ya firigo hupasha joto kila kilichomo, na hilo ni sahihi.

*16h30.* Ujumbe kutoka arusi moja ulileta mabeseni matatu ya mchele na nyama. Zawadi za aina hii ni sehemu kubwa ya chakula cha nyumba, na wazee huzipenda. Beseni moja na nusu liliwekwa kando kwa chakula cha jioni. Yaliyobaki yaliingizwa kwenye firigo yakiwa bado na joto, firigo ikajaa.

*17h40.* Umeme ulikatika.

*18h00.* Zamu ilibadilishana. Aliyekuwa akitoka alimwambia aliyeingia: "Mama, ile ya chini ni ya kesho." Hakutaja ni lini ilitoka motoni.

*19h30.* Baada ya kuosha vyombo, mpishi wa jioni alitaka kupiga deki. Sufuria ilikuwa bado ya moto kiasi kwamba mkono haukudumu ubavuni. Firigo imejaa tena haina umeme. Kuiacha chini ni kuwaachia panya. Yeye na msaidizi waliinyanyua wakaiweka juu ya mdomo wa tatu wa jiko la matofali. Moto ulikuwa umeshazimika, lakini matofali yanatunza joto usiku kucha, na chini ya majivu makala hubaki na uhai.

*Jumapili, 10h00.* Mpishi wa mbadala alifika. Alisoma "saa 8". Yeye alizoea majiko ya hoteli, ambako kila kitu huandikwa kwa saa za Kifaransa, na saa 8 ni 8h00 asubuhi. Aligusa sufuria: vuguvugu. Kabla ya kuamua alimuuliza mlinzi aliyekuwa akimaliza zamu.

"Papa, hii sufuria wameipika asubuhi?"

"Mama, mimi nimeikuta hapo hapo juu ya jiko."

Akaelewa kwamba chakula kilitoka motoni saa mbili zilizopita, na kwamba kazi yake ni kukirudishia joto tu. Makala yalikuwa machache. Alikipasha kama dakika 25, mpaka pembeni pakaanza kububujika na mvuke ukapanda, akikoroga chini ili kisiungue.

*12h15.* Chakula kiligawiwa pamoja na bugali na lengalenga (mchicha). Walikula wakaaji 41 na wafanyakazi 3.

*20h45.* Mzee wa kwanza alianza kuhara na kulalamika tumbo linasokota. Hadi 06h00 ya Jumatatu walikuwa 23 kati ya 41, pamoja na mfanyakazi mmoja. Kutapika kulikuwa kwa wachache sana. Homa haikuonekana. Wale watano wa vyakula laini hawakuumwa.

Maamuzi ya usiku na ya Jumatatu

Mtunzaji wa usiku hakungoja asubuhi. Alimpigia muuguzi simu baada ya mgonjwa wa tatu, na muuguzi akafika kabla ya 23h00. Huu ndio uamuzi uliookoa watu, na ulitolewa na mfanyakazi mwenye cheo cha chini kuliko wote.

Kivu ya Kusini ina kipindupindu cha mara kwa mara, kwa hiyo muuguzi aliichukulia hali kama kipindupindu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Alitenga vyoo viwili, akaweka klorini ya kunawa mikono, akaarifu ofisi ya zoni ya afya, na kumwanzishia kila mgonjwa maji ya SRO (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini), pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, kidogo kidogo kwa kijiko kwa wale wasioweza kushika kikombe. Hakutoa antibiotiki. Wazee sita waliokuwa kwenye dawa za kuongeza mkojo walipimwa presha kila saa mbili, na daktari aliulizwa kwa simu kuhusu kusimamisha dozi ya asubuhi.

Mama mmoja wa zaidi ya miaka 80 alipelekwa hospitali alfajiri, macho yameingia ndani na mapigo ni dhaifu. Alitundikiwa dripu, akarudi siku ya tatu. Wengine walitulia kati ya saa 24 na 36. Hakuna aliyekufa. Kipimo cha haraka cha kipindupindu kilitoka hasi.

Jikoni, sufuria ilikuwa imeshasuguliwa na mabaki kutupwa tangu alasiri ya Jumapili. Hakukuwa na chakula cha kupima. Ufaransa inadai majiko yanayolisha watu wengi yahifadhi sampuli ya kila chakula kwenye baridi angalau siku 5 baada ya kugawiwa. Ni kama gramu 100 ndani ya kikopo safi chenye tarehe. Hapa nyumba nyingi huona huo ni upotevu. Lakini bila kile kikopo, mtu anabaki na saa na dalili tu.

Nini kilitokea ndani ya sufuria

Saa na dalili zinaelekeza mahali pamoja. Kuhara na tumbo kusokota bila homa, kutapika kwa nadra, kuanza saa 8 hadi 18 baada ya mlo, kuisha ndani ya siku moja au mbili: hiyo ndiyo sura ya bakteria aitwaye Clostridium perfringens. Sufuria kubwa ya nyama na maharagi iliyopoa polepole ndiyo makao yake anayoyapenda kuliko yote. Maabara haikuthibitisha, kwa hiyo tunasema kinachoelekea zaidi kuwa kweli.

Mbegu za bakteria huyu huvumilia kuchemka. Mpishi akichemsha maharagi saa tano, anaua karibu kila kitu kingine, mbegu zinabaki, na sasa hazina mshindani. Chakula kikishuka chini ya nyuzi 54 hivi, zinaamka. Kati ya nyuzi 43 na 47 zinakua kwa kasi ya ajabu: idadi inaweza kuongezeka mara mbili kila dakika kumi. Fikiria ile sufuria juu ya matofali yenye joto la vuguvugu, imefunikwa, usiku mzima. Hakuna mtu angeweza kuwatengenezea mahali pazuri zaidi.

Hapa ndipo kosa la etiketi na kosa la uhifadhi vilipoungana. Vuguvugu la asubuhi lilithibitisha usomaji mbaya wa "saa 8". Kama sufuria ingekuwa baridi, mbadala angeshtuka kwamba haiwezi kuwa ya asubuhi. Kama etiketi ingekuwa na tarehe, angeshtuka kwamba chakula cha jana hakiwezi kuwa na joto. Alikuwa na dalili mbili, zote zikasema uongo mmoja.

Katika mji huu watu hutumia hesabu mbili za saa bila kugongana, kwa sababu katika mazungumzo mtu huona jua. "Njoo saa 8" ikisemwa mchana, kila mtu anaelewa. Karatasi haina jua. Mpishi wa Jumamosi aliandika 14h00, mpishi wa Jumapili akasoma 8h00, na wote wawili walikuwa sahihi kwa hesabu yao. Kuwalaumu hao mama wawili hakutarekebisha chochote, maana wapishi wengine wawili wangefanya vilevile.

Kupasha upya kulikuwa mlango wa mwisho. Bakteria hai wa aina hii hufa chakula kikifika nyuzi 70 au zaidi kila mahali, hadi katikati. Lakini chakula kizito chenye kina cha sentimita 25 hububujika pembeni wakati katikati bado pana nyuzi 45. Mvuke haupimi kitu. Tena isidhaniwe kwamba kuchemsha vizuri kungetosha kwa kila chakula. Sumu ya Bacillus cereus inayoundwa katika wali uliokaa, na ile ya Staphylococcus inayotoka kwenye mikono na pua za watu, haziharibiwi na moto wa jikoni. Wali wa arusi haukumwumiza mtu, lakini uliingia nyumbani bila yeyote kujua ulipikwa lini, na hiyo ni bahati tu.

Mabadiliko yaliyofanywa

Jambo la kwanza lililoamuliwa halikuhusu etiketi kabisa: kuondoa haja ya kuhifadhi. Maharagi ya Jumapili sasa huloweshwa Jumamosi jioni, na mtunzaji wa usiku huyaweka motoni 05h00. Mbadala anapofika 10h00 yameiva na anaongeza nyama iliyokatwa vipande vidogo. Maharagi yaliyolowekwa huiva kwa muda mfupi zaidi, kwa hiyo makala hayakuongezeka. Kwa maoni yetu uamuzi huu peke yake una thamani kuliko mengine yote yanayofuata, na nyumba nyingi zingepaswa kuanza hapa kabla ya kununua firigo ya pili.

Etiketi mpya ina mistari minne: jina la chakula, tarehe na saa kilipotoka motoni, tarehe na saa ya mwisho ya kuliwa, herufi za aliyeandika. Mfano wake:

> SUPU YA SAMAKI – bila chumvi
> Imetoka motoni: 12/03, 11h30
> Mwisho: 13/03, 12h30
> B.M.

Jina la siku haliandikwi, ni tarehe tu. Saa huandikwa tarakimu nne zenye herufi h katikati, 08h00 au 14h00, kamwe si "saa 8". Karatasi ya mfano imebandikwa ukutani na jedwali dogo linalogeuza hesabu moja kuwa nyingine, kwa sababu hakuna anayelazimishwa kubadili jinsi anavyosema nyumbani kwake.

Etiketi hubandikwa ubavuni mwa chombo, si kwenye mfuniko. Mifuniko ya sufuria za aluminiamu hufanana, na kila baada ya kuosha huhamahama; siku ya ukaguzi mifuniko miwili ilikutwa juu ya sufuria zisizo zake. Chombo kikaushwe na etiketi ibandikwe kabla ya chakula kuingia, maana skochi haishiki kwenye chuma chenye umande. Chakula kikihamishiwa chombo kidogo, saa ya kutoka motoni inahama nacho vilevile ilivyo. Kuandika saa ya kuhamisha ni kukizaa upya chakula kilichozeeka.

Kupoza kulijaribiwa mara kadhaa kwa kipimajoto cha sindano kilichonunuliwa. Lita 20 ziligawanywa katika mabeseni matano ya lita 4, kina kisizidi sentimita 5, yakawekwa ndani ya karai zenye maji na kukorogwa kila dakika kumi. Lengo lilikuwa kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Kwa maji ya bomba peke yake chakula kilishuka hadi nyuzi 27 kikakwama hapo, kwa kuwa chakula hakiwezi kuwa baridi kuliko maji yanayokizunguka. Zilipoongezwa chupa mbili za barafu za lita 1.5 katika kila karai, nyuzi 20 ilifikiwa kabla ya saa mbili kuisha. Chupa hukaa ndani ya maji ya karai, haziingii kwenye chakula. Hugandishwa kwenye kongelateri kila umeme unapokuwepo, na delestaji (umeme kukatwa) ikija zenyewe husaidia kongelateri isipoteze baridi.

Kuhusu kipimajoto, wauzaji husema kikitiwa kwenye maji yanayochemka kionyeshe 100. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na maji huchemka hapa kwenye nyuzi 95 hivi. Kipimajoto kinachoonyesha 95 ni kizima. Kinachoonyesha 100 ndicho cha kutilia shaka. Njia bora ni barafu iliyopondwa iliyochanganywa na maji kidogo: lazima kisome 0 popote duniani.

Kwa umeme ukikatika, kuna karatasi mlangoni mwa firigo. Anayeona umeme umekwenda anaandika saa, na mlango haufunguliwi. Firigo iliyofungwa hutunza baridi kama saa 4. Kongelateri iliyojaa, saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Zikipita saa 4, kipimajoto kinaamua: maziwa, nyama, samaki, wali na maharagi vilivyokaa juu ya nyuzi 5 zaidi ya saa 2 haviliwi na wakaaji.

Zawadi zilihitaji busara. Mkuu wa nyumba alikataa katakata kuzuia watu kuleta chakula, na alikuwa na haki: nyumba isiyopokea, kesho haipewi. Kilichoamuliwa ni kwamba mpokeaji anauliza swali moja kwa heshima, "Mama, kilitoka motoni saa ngapi?", na kuandika jibu. Chakula cha moto chenye saa inayojulikana huliwa siku hiyo hiyo baada ya kupashwa hadi nyuzi 70. Kisicho na saa hakipewi wakaaji na hakiingii firigo. Wanaotaka kusaidia huombwa walete mchele mkavu, sukari, sabuni au makala.

Ukaguzi wa depo ulichukua alasiri moja, na ungetosha kuwa kisa kingine. Unga mpya ulikuwa ukimwagwa juu ya wa zamani ndani ya pipa moja, hivyo chini kulikuwa na unga ambao hakuna ajuaye umri wake. Karanga zenye ukungu zilikuwa bado zinachambuliwa "zile nzuri", ingawa sumu ya ukungu huo haionekani kwa macho wala haitoki yote kwa kukaanga. Na kwenye rafu ya mafuta kulikuwa na chupa ya maji ya kunywa iliyojaa klorini ya kusafishia, bila alama yoyote. Hiyo chupa ingeweza kuua kwa haraka kuliko maharagi. Sasa dawa za usafi hukaa nje ya depo, katika vyombo vyake vya asili.

Matokeo baada ya miezi miwili

Hakuna mlipuko mwingine wa kuhara. Miezi miwili ni mifupi mno kujivunia, na wiki hizo zilikuwa na umeme wa nafuu kidogo.

Sufuria moja ya supu ilitupwa baada ya delestaji ya usiku. Mpishi aliyeitupa alisita sana, kwani kutupa chakula mbele ya wazee waliopitia njaa ni jambo zito, na alimwita muuguzi aamue naye. Utaratibu wa watu wawili umebaki, nasi tunaupendekeza: mtu mmoja peke yake, usiku, karibu kila mara ataamua kukitunza.

Faida isiyotarajiwa ilionekana kwenye vyakula maalumu. Zamani sufuria ya "bila chumvi" na ya kawaida zilitofautishwa kwa kuonja. Maneno "bila chumvi" na "bila sukari" sasa yako kwenye mstari wa kwanza wa etiketi, na muuguzi anaweza kukagua bila kuingiza kijiko.

Kilichofanya kazi, kilichoshindwa

Saa ya tarakimu nne ilishika haraka kuliko tulivyodhani, ndani ya wiki. Wapishi wenyewe walianza kumsahihisha mgeni anayeandika "saa 3".

Skochi za rangi, rangi moja kwa kila siku, zilishindwa kabisa. Zilionekana nzuri katika mafunzo. Wiki ya tatu sokoni ilipatikana rangi moja tu, na kwa siku nne kila chombo kikawa cha Jumatano. Rangi iliyokosewa ni mbaya kuliko kutokuwa na rangi, kwa sababu jicho huiamini bila kusoma. Zimeachwa.

Daftari la joto la firigo lilijazwa kwa bidii: nyuzi 4, nyuzi 4, nyuzi 4, asubuhi na jioni, hata siku ambazo umeme haukuwepo. Ilibainika kwamba kipimajoto kilining'inizwa mahali pa juu pasipoonekana bila kunyoosha shingo, na mwandishi alinakili mstari wa jana. Kilihamishiwa rafu ya kati mbele, ndani ya kikombe cha maji ili kisiyumbe kila mlango unapofunguliwa. Namba zikaanza kutofautiana, nyingine zikiwa mbaya: 9, 11. Muuguzi alizipokea kwa furaha, na alifanya vizuri kutomgombeza mtu, maana siku ya kwanza mtu anapogombezwa kwa kuandika 11, daftari hurudi kuwa 4.

Etiketi zilizoandikwa mapema ni tatizo ambalo halijaisha. Asubuhi yenye kazi nyingi, msaidizi huandika zote kwa mpigo, pamoja na saa ambayo chakula *kitatoka* motoni. Kikichelewa saa moja, etiketi inadanganya kwa saa moja. Kwa sasa mistari mingine inaruhusiwa kuandikwa mapema. Nafasi ya saa huachwa wazi na kujazwa na yule anayeshika sufuria anapoishusha. Biki imefungwa kwa kamba kwenye msumari kando ya jiko, kwa sababu sababu kubwa ya kutojaza ilikuwa kwamba biki ilikuwa ofisini.

Mbadala wa Jumapili bado ndiye kiungo dhaifu. Hakuwepo kwenye mafunzo ya kwanza, na katika nyumba nyingi mbadala huwa hayupo. Hapa aliitwa siku nyingine, akalipwa nauli na posho ya siku hiyo, akafundishwa mbele ya jiko lenyewe. Makabidhiano ya Jumamosi jioni sasa huandikwa kwenye ubao mdogo mlangoni mwa jikoni: nini kiko motoni, nini kiko kwenye firigo na tangu lini, umeme ulikatika saa ngapi. Mbadala anausoma na kutia sahihi kabla ya kufunua sufuria yoyote. Pakiwa na sufuria isiyo ubaoni, anampigia simu mpishi wa Jumamosi, hata kama yuko kanisani.